Taa za samli: namna ya kuziandaa na kuzitoa sadaka kwa desturi ya Kitibeti

Ukiingia hekalu la Kitibeti, liwe Lhasa, mji mkuu wa Tibet, Ladakh huko India, au pale Boudha mjini Kathmandu, Nepal, taa hizi huzikosi: vikombe vidogo vya shaba vyenye mguu, vimejaa samli, utambi mmoja katikati, mwali wa manjano umesimama wima. Watibeti huziita marme. Mmoja huwasha taa moja kwa ajili ya mama anayeumwa, mwingine huwasha 108, idadi takatifu kwa Wabuddha, kwa ajili ya marehemu baba yake, na mwenye uwezo zaidi hutoa taa 1,000 kwa siku moja. Kazi yenyewe haibadiliki, taa ziwe chache au nyingi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizi kwenye mahekalu mengi unalipa pesa, unapewa taa iliyokwisha kujazwa, unaiwasha na kwenda zako. Hiyo nayo ni sadaka halali. Lakini mimi naamini sehemu kubwa ya sadaka hii imo kwenye maandalizi: kuosha kikombe, kusokota utambi, kuyeyusha samli na kungoja igande. Moto huja mwishoni, na ukiwa umeandaa vizuri, moto hautakusumbua.

Kikombe

Kikombe cha kawaida ni cha shaba ya manjano, kina kitako kipana na mguu mwembamba. Ndani, katikati ya sakafu yake, vikombe vingi vina kishimo kidogo, na hapo ndipo kijiti cha utambi husimama. Ukienda kununua, kiweke kikombe juu ya meza na ukiguse pembeni kwa kidole, kikiyumba, kiache. Kisha chungulia ndani uone kama kishimo kipo. Nakshi za nje ni nzuri, lakini utambi unaosimama ni muhimu zaidi.

Monasteri kubwa huwa na vyombo vya fedha, na nyingine huwa na masufuria makubwa ya samli yenye tambi kadhaa, ambayo mahujaji huyaongezea samli kila wanapopita. Nyumbani huhitaji hayo. Bakuli dogo la udongo uliochomwa linafaa, na glasi nene inafaa pia. Glasi nyembamba hupasuka mwali ukishuka, na plastiki isitumike kabisa. Ukishachagua chombo, kiwe cha sadaka moja kwa moja, kisirudi tena mezani kuwekewa achari au chumvi.

Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisuuze, kisha kikaushe kwa kitambaa safi mpaka ndani ya kile kishimo. Tone la maji likibaki chini, mwali utakapolifikia litaruka na kurusha mafuta moto.

Samli

Kwa asili, mafuta ya taa hizi ni siagi ya dri, yaani jike la yaki, ng'ombe wa Tibet mwenye manyoya marefu; kwa Watibeti neno yaki ni la dume, na dume halina maziwa. Kwenye nyanda za juu za Tibet, siagi hiyo ndiyo huingia kwenye chai ya chumvi, ndiyo hupakwa ngozi ikalainika, na ndiyo huwashwa mbele ya Buddha. Kwa hiyo anayeitoa sadaka anatoa chakula chake mwenyewe, cha thamani, katika nchi ambayo nafaka inayostawi vizuri ni shayiri na siku za baridi ni nyingi.

Nje ya Tibet mambo ni mengine. Nepal na India, taa nyingi hujazwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa, yale yauzwayo kwenye mikebe na mifuko, kwa sababu ni nafuu na hayaharibiki upesi. Walimu wengi wanayakubali. Kwetu Afrika Mashariki tuna bahati: samli ya ng'ombe ipo sokoni na dukani, na inawaka kwa mwali safi sana. Kipimo cha kutumia ni kimoja: toa kile ambacho wewe mwenyewe ungekila. Samli iliyochacha, iliyobaki kwenye kikaango cha juzi, au ile uliyokuwa unatafuta pa kuitupa, haifai kuwekwa madhabahuni. Kama uwezo wako ni kijiko kimoja cha samli nzuri, toa hicho kijiko.

Wabuddha wa mapokeo ya Sri Lanka, wakiwemo wale walioanzisha hekalu la Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, huwasha taa zao kwa mafuta ya nazi. Kama wewe ni wa mapokeo hayo, au nazi ndiyo iliyo karibu nawe, fuata hatua zote zilizomo humu na utumie mafuta ya nazi safi. Kitakachobadilika ni utambi tu, nami nitakueleza.

Ukiwa na siagi badala ya samli, ni lazima uichemshe kwanza, kwa sababu siagi ina maji na machicha ya maziwa. Iweke kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Itayeyuka, kisha itaanza kutatarika: hiyo ni sauti ya maji yanayotoka. Povu jeupe litapanda juu. Liondoe kwa kijiko. Endelea mpaka sauti ipungue na mafuta yaliyo chini ya povu yawe mang'avu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, huku machicha yametulia chini yakianza kugeuka kahawia. Ipua hapohapo, ukichelewa yataungua. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu. Siagi isiyochemshwa hutatarika kwenye utambi, hutoa moshi, na mara nyingi taa huzima kabla ya nusu.

Sasa suala la joto, ambalo miongozo ya Watibeti hailisemi kwa sababu kwao si tatizo. Lhasa iko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na siagi huko hukaa ngumu. Samli ya ng'ombe huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 30 na kitu. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, mchana wa Januari, samli itabaki maji maji kutwa nzima na utambi utalala. Una njia mbili. Ya kwanza ni kujaza vikombe usiku, ukaviweka kwenye friji hadi vigande, ukavitoa muda mfupi kabla ya kuwasha. Ya pili, ambayo mimi naiona bora kwa pwani, ni kutengeneza utambi unaosimama wenyewe hata kwenye mafuta maji. Walioko Nairobi, Arusha, Mbeya au Bukavu hawahitaji haya. Samli yao huganda usiku bila msaada.

Utambi

Taa nyingi zinazozima, zinazofuka moshi au zinazowaka kupita kiasi zina kosa moja, nalo limo kwenye utambi. Kwa hiyo hapa usiwe na haraka.

Tafuta pamba halisi. Pamba ya hospitali inayouzwa duka la dawa inafaa kabisa. Zile zenye nyuzi za plastiki huyeyuka na kunuka. Kama huna hakika, choma kipande kidogo nje: pamba halisi huungua ikawa jivu laini, isiyo halisi hujikunja ikawa kidonge kigumu cheusi.

Kisha tafuta kijiti chembamba, kikavu na kilichonyooka. Kule Nepal hutumika vijiti vyembamba vya mwanzi au mabua. Huku kwetu chelewa, ile inayofungwa kutengenezea fagio, inafanya kazi vizuri ikiwa mpya na safi. Kijiti cha ndani cha udi nacho kinafaa. Kikate urefu wa kutoka kwenye kishimo cha kikombe hadi usawa wa ukingo, na uongeze kiasi cha nusu sentimita.

Vuta pamba kidogo, ukiinyoosha kwa vidole mpaka iwe utando mwembamba unaoonyesha mwanga, urefu wake uzidi kijiti kidogo. Lazia kijiti kwenye ukingo wa utando huo na uanze kukisokota kati ya kidole gumba na cha shahada, ukielekea upande mmoja bila kurudi nyuma. Juu pamba iishe ikiwa imechongoka, ikizidi ncha ya kijiti kidogo tu. Chini iache iwe nene, ikienda ikitanuka, ili ipate pa kukaa kwenye sakafu ya kikombe. Wengi wakifika hapa hulamba vidole ili pamba ishike. Usifanye hivyo: mate hayagusi kitu cha sadaka. Chovya ncha za vidole kwenye samli iliyoyeyuka, pamba itashika vizuri zaidi.

Ukubwa wake, kwa kikombe cha kiganjani, uwe karibu na njiti ya kiberiti, au uzidi kidogo. Utambi mnene hunywa mafuta mengi kuliko unavyoweza kuyachoma, na matokeo yake ni mwali mrefu unaocheza na masizi meusi juu ya dari. Uliosokotwa legelege una tatizo hilohilo. Uliokazwa mno nao unazuia mafuta kupanda. Utawaka dakika chache, utafifia, utazima. Utajua umepatia kwa kuubonyeza: uwe mgumu lakini uingie kidogo kwenye kidole.

Utambi ukishakamilika, uchovye wote kwenye samli ya vuguvugu na uusubiri unywe. Hatua hii ndogo ndiyo hurukwa mno. Samli iliyoganda haiwezi kupanda kwenye pamba kavu. Mwali lazima uishi kwa mafuta yaliyomo ndani ya utambi wenyewe mpaka joto lake liyeyushe kiduara cha samli kuuzunguka. Utambi mkavu huungua pamba yake yenyewe na kufa kabla kiduara hicho hakijapatikana.

Kwa mafuta ya nazi, au samli ya pwani isiyoganda, tengeneza kitako cha utambi kiwe kipana zaidi: zungushia pamba ya ziada sehemu ya chini mpaka ijae sakafu ya kikombe. Itausimamisha utambi bila kuhitaji samli ngumu.

Kama unahitaji taa 108, sokota tambi siku moja kabla, uzipange kwenye sinia safi na uzifunike. Kazi hii ni nzuri ikifanywa na watu kadhaa. Boudha utawaona akina mama wazee wamekaa kivulini wakisokota huku wakisoma mantra, maneno matakatifu yanayorudiwa-rudiwa, kwa sauti ya chini, vidole vinakwenda vyenyewe. Nyumbani wape na watoto. Vidole vyao vyembamba vinaiweza kuliko vyetu.

Kujaza

Simamisha utambi katikati. Samli iwe ya vuguvugu, si ya moto; ukiimimina ya moto, itachukua muda kuganda na utambi utainama wakati unasubiri. Mimina polepole kutoka pembeni, usiimwagie ncha ya utambi. Acha nafasi ya nusu sentimita chini ya ukingo, na ncha ya utambi ichomoze sentimita moja hivi juu ya samli. Ikizidi hapo, ikate kwa mkasi. Utambi mrefu ndio mwanzo wa moto mkubwa.

Watawa wengi wakijaza taa hufunika pua na mdomo kwa kitambaa ili pumzi yao isiiguse sadaka. Fanya hivyo, ni adabu nzuri. Usiinuse samli kuionjea harufu pia. Harufu, ladha na mwanga, vyote umeshavitoa.

Viache vikombe vitulie bila kuguswa. Samli ikiganda husinyaa, na mara nyingi huacha bonde dogo kuuzunguka utambi. Lijaze kwa kijiko kimoja cha samli. Halafu funika vyote kwa kitambaa safi mpaka wakati wa kuwasha.

Mahali pa kuiweka

Madhabahu ya Kitibeti nyumbani huwa na sanamu au picha ya Buddha juu, na chini yake bakuli saba zilizopangwa kwa mstari. Ukizitazama kutoka kushoto kwenda kulia, ni maji ya kunywa, maji ya kunawa miguu, maua, udi, maji yenye manukato, chakula, na ya mwisho huwakilisha muziki. Desturi ni kuachanisha bakuli kwa nafasi ya punje ya shayiri. Taa hukaa baada ya udi, kabla ya maji ya manukato, katikati ya mstari. Wengi hujaza maji bakuli zote saba na kuweka taa mahali pake. Nawe ukiwa unaanza, fanya hivyo.

Punje ya shayiri haitoshi kwa taa. Isogeze mbele kidogo, mbali na kile kitambaa cheupe kinachovishwa sanamu, mbali na picha za kitambaa zinazoning'inia, mbali na pazia la dirisha. Iweke juu ya sahani ya chuma au sinia lenye mchanga. Unapowasha taa nyingi, ziachanishe angalau upana wa vidole vinne: zikibanana, joto la moja hupasha samli ya jirani, na samli ikipata joto la kutosha hushika moto juu yake yote, si kwenye utambi pekee. Aprili 1998 monasteri ya Taktsang huko Bhutan, ile iliyojengwa kwenye genge la mlima juu ya bonde la Paro, iliungua sana. Moja ya sababu zilizodhaniwa ni taa za samli kufikia mapambo ya kitambaa, nyingine ni hitilafu ya umeme. Monasteri ilijengwa upya, kazi ikakamilika 2005. Ndiyo maana leo Boudha na kwenye viwanja vya hekalu la Mahabodhi, mjini Bodh Gaya nchini India, taa huwekwa kwenye vibanda vyake maalumu, vyenye kuta na vioo, mbali na michoro ya ukutani ambayo masizi yangeifuta.

Nia, moto na dua

Nawa mikono. Simama au kaa mbele ya madhabahu, uweke nia kwanza kabla ya kugusa kiberiti. Kwa mapokeo haya nia huwa na sehemu mbili: kukimbilia kwa Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya wafuasi wake, na kutaka taa hii iwafae viumbe wote, si wewe na watu wako peke yenu. Ukiwa na mgonjwa au marehemu, mtaje hapa.

Kuna kisa ambacho Watibeti husimuliana kila wanapozungumzia taa. Mwanamke maskini wa mji wa Sravasti aliwaona wafalme na matajiri wakimtolea Buddha taa nyingi. Aliombaomba kutwa nzima akapata sarafu moja ndogo, akainunulia mafuta ya taa moja. Aliiwasha akiomba kwamba kwa mwanga wake apate kuwaondolea viumbe wote giza la ujinga. Alfajiri taa zote zilikuwa zimezima ila yake. Maudgalyayana, mwanafunzi wa Buddha, alijaribu kuizima ili kuihifadhi kwa usiku mwingine, akashindwa kwa mkono, akashindwa kwa vazi lake. Buddha akamwambia kuwa taa hiyo hataiweza, kwa sababu imetolewa kwa moyo wote na kwa ajili ya kila kiumbe. Mimi humkumbuka mwanamke huyo kila ninapoona watu wakihesabu nani amewasha ngapi.

Sasa washa. Tumia kijiti cha udi, au mshumaa mwembamba mrefu, usiisogeze njiti ya kiberiti kwenye kila taa: njiti hudondosha vipande vyeusi ndani ya samli. Gusa ncha ya utambi kwa upande, subiri ishike, uondoe mkono taratibu. Taa zikiwa nyingi, anza na iliyo mbali nawe uje karibu, ili mkono na nguo visipite juu ya moto. Mwenye nywele ndefu azifunge. Shali, mtandio na mikono mipana ya kanzu viwekwe sawa kabla.

Mwali ukitulia, sema mara tatu *Om Ah Hum*, silabi zinazotakasa sadaka. Kisha soma dua ya taa. Inayotumika sana hunasibishwa na Atisha, mwanachuoni wa Bengal aliyezaliwa 982 na kuingia Tibet 1042. Maana yake, kwa maneno yangu, ni hii: kikombe hiki na kiwe na upana wa ulimwengu wote, utambi wake uwe mkubwa kama mlima Meru (si ule wa Arusha, bali ule ambao kwa imani hii uko katikati ya ulimwengu), mafuta yake yawe kama bahari, taa hizi ziwe milioni mia mbele ya kila Buddha, na mwanga wake uondoe giza la ujinga kuanzia kilele cha kuwepo hadi jehanamu ya chini kabisa. Ukikosa matini ya Kitibeti, iseme hivi kwa Kiswahili. Kinachoangaliwa ni uelewe unachosema.

Kaa nayo kidogo. Utazame mwali bila kufanya jambo jingine. Mwisho, elekeza thawabu kwa viumbe wote. Watibeti huweka uzito mkubwa hapa: thawabu isiyoelekezwa, wanasema, huharibiwa upesi na hasira ya baadaye.

Ukiwa hekaluni

Mahujaji wa Lhasa hubeba samli kwa namna mbili: bonge ndani ya mfuko pamoja na kijiko, au samli iliyoyeyushwa ndani ya chupa ya chai. Wanapita kutoka taa moja hadi nyingine, wakiongeza kidogo kila moja. Ukifanya hivyo, mimina pembeni, kidogo sana, kwani taa ambayo utambi wake umezamishwa umeizima. Zunguka kwa mwelekeo wa saa, mkono wako wa kulia ukiwa upande wa kinachoheshimiwa. Taa ya mtu mwingine usiihamishe. Ikiwa imezima, mwambie mtunzaji.

Boudha, ingia kwenye kibanda cha taa, mwambie mhudumu unataka ngapi na ni za nini. Ukiwa na jina la marehemu, litaje. Familia nyingi huwasha taa kila juma, au kila siku, kwa siku 49 baada ya kifo, muda ambao kwa imani hii roho huwa bado iko safarini kuelekea kuzaliwa upya.

Siku zenye uzito

Taa inafaa siku yoyote. Kwa kalenda ya mwezi ya Kitibeti, watu huzidisha tarehe 8, 10, 15, 25 na 30. Sikukuu nne kubwa za Buddha ni Chotrul Duchen tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, Saga Dawa tarehe 15 ya mwezi wa nne, Chokhor Duchen tarehe 4 ya mwezi wa sita, na Lhabab Duchen tarehe 22 ya mwezi wa tisa. Lakini usiku wa taa hasa ni Ganden Ngamcho, tarehe 25 ya mwezi wa kumi, kumbukumbu ya kufariki kwa Tsongkhapa, mwalimu aliyeanzisha madhehebu ya Gelug, mwaka 1419. Usiku huo taa hupangwa madirishani na juu ya mapaa, monasteri nzima ikawaka kwa safu. Kalenda hii haiendi sambamba na ya kawaida, hivyo tafuta kalenda ya Kitibeti ya mwaka husika.

Kuzima, na moto ukikushinda

Iliyo bora ni kuiacha taa iishe yenyewe, nawe ukiwepo nyumbani na macho. Kama huwezi kukaa, jaza samli kidogo, ya saa moja au mbili. Taa ndogo inayoisha mbele yako inashinda kubwa uliyoiacha peke yake.

Ukilazimika kuizima, usiipulize. Pumzi ya mdomo ni ukosefu wa adabu kwa kitu kilichotolewa, na zaidi ya hapo hurusha mafuta. Funika kwa kifuniko kidogo cha chuma, au tumia kibano kubana ncha ya utambi.

Moto ukishika samli yote ya kikombe, usimwagie maji hata kidogo. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka ghafla na kurusha moto juu hadi kwenye dari. Kifunike kwa sufuria au sahani ya chuma, uache kifunikwe mpaka kipoe kabisa. Ukikifunua mapema huwaka tena. Ndoo ya mchanga iwepo pembeni kabla hujawasha taa ya kwanza, hasa siku ya taa nyingi.

Kusafisha

Safisha vikombe vikiwa bado vina joto la vuguvugu, samli haijaganda. Futa kwa karatasi laini, au weka kiganja cha unga wa mbao mkavu ndani ya kila kikombe na uusugue. Hunyonya mafuta yote. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni. Shaba ikiwa imeweka weusi, isugue kwa ukwaju uliolowekwa, au kipande cha ndimu na majivu yaliyochekechwa, halafu suuza haraka na kukausha. Tindikali ikikaa huacha madoa.

Mabaki ya tambi na samli iliyoungua yasiende jalalani pamoja na maganda ya viazi. Yafukie kwenye udongo safi, chini ya mti, mahali pasipokanyagwa. Samli safi iliyobaki kwenye sufuria irudishe kwenye chombo chake chenye mfuniko, iandike tarehe, na uiweke kwa taa za mwezi ujao tu.